Simba kurudi sinemani: maswali yenu kuhusu The Lion King

Filamu ya 2019 si ile ya 1994 iliyotolewa upya?

Siyo. Ya 2019, iliyoongozwa na Jon Favreau, ilitengenezwa karibu yote kwa kompyuta. Katuni ya 1994 yenyewe ilirudi kwenye skrini kubwa mno za IMAX 2002, kwa 3D 2011, na tena 2024 ilipotimiza miaka 30. Wengi hawajui kwamba ilirudi hata mwaka uleule wa 1994: huko Marekani Disney iliiondoa Septemba, watoto walipofungua shule, ikairejesha Novemba.

Nakumbuka Zazu, yule ndege wa mfalme, akiimba taarifa ya asubuhi. Mwenzangu anabisha. Nani mkweli?

Nyote wawili, ila mmetazama matoleo tofauti. Sinemani Zazu aliongea tu. Wimbo ulichorewa DVD ya 2003, ambayo inakupa uchaguzi kwenye menyu: toleo la sinema au toleo maalumu lenye wimbo huo.

Hapo ndipo wengi hukosea, wakidhani hilo “toleo la sinema” ni lilelile la 1994 bila kuguswa. Kwa IMAX, wachoraji walisafisha picha zilizotosha kwenye skrini ya kawaida lakini zingeonekana hafifu zikikuzwa, na mamba wa wimbo wa Simba mdogo wakachorwa upya. DVD ikabaki na mamba hao wapya. Ukitaka wa zamani, tafuta kanda ya VHS ya 1995. Wale wamechorwa kikatuni zaidi.

Na yale maandishi machafu kwenye vumbi?

Simba mkubwa anapojibwaga ukingoni mwa jabali usiku, vumbi linapanda, na waliotazama VHS walisoma “SEX”. Utetezi uliosikika ni kwamba ni “SFX”, salamu ya wachoraji wa madoido. Ukisimamisha picha, unaona kile ulichokwisha ambiwa utafute. Vyovyote iwavyo, vumbi hilo lilibadilishwa katika matoleo ya baadaye, kwa hiyo usihangaike kulitafuta kwenye Blu-ray.

Kwa 3D walichora filamu yote upya?

Hapana. Michoro ni ileile, ila kila sehemu ya picha ilipewa kina chake kwa kompyuta. Ilipangiwa wiki mbili tu, lakini ikaingiza takriban dola milioni 94 Marekani na Kanada.

Nina VHS yenye nembo ya almasi nyeusi. Ni kweli inauzwa maelfu ya dola?

Kwanza itazame vizuri: kanda ya kwanza ya The Lion King ilitoka Machi 1995 katika mfululizo wa Masterpiece Collection, si ule wa Disney wa awali wenye nembo ya almasi nyeusi. Pili, ziliuzwa zaidi ya milioni 30, hivyo si adimu hata kidogo. Yale maelfu ni bei ambazo wauzaji wanataja, na kutaja ni bure. Kwenye eBay chuja vitu vilivyokwisha kuuzwa ndipo uone watu wanalipa nini hasa. Kabla ya kuicheza, chungulia kwenye kidirisha cha kanda: ukiona madoa meupe ya ukungu, usiiingize kwenye deki, maana yatahamia kwenye hedi (sehemu ya deki inayosoma kanda) na kuchafua kanda zako nyingine.