Maswali ya Wasomaji: Friji Linanguruma, Linasema "Tak", Kisha Kimya

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama mwenye duka Nkuhungu, jijini Dodoma. Nauza maji baridi, soda na juisi ya zabibu, na friji ndilo tegemeo langu. Siku hizi ikifika jioni friji linanguruma kwa sekunde chache, linasikika "tak", linanyamaza, na baada ya dakika mbili tatu linarudia yale yale. Ajabu ni kwamba usiku wa manane linawaka lenyewe, na nikifungua asubuhi nakuta maji yamepoa. Fundi wa kwanza alisema gesi imekwisha, akaongeza, hali haikubadilika. Wa pili anasema kompresa imekufa, ninunue nyingine. Friji nimelichomeka kwenye ekstensheni pamoja na feni na birika la umeme, kwa kuwa soketi ya ukutani iko upande wa pili wa duka. Nimsikilize nani?

JIBU: Dada yetu, kwa sasa usimsikilize yeyote kati yao. Kompresa iliyokufa haifufuki usiku wa manane.

Mngurumo unaousikia una maana kwamba umeme unafika kwenye mota ya kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, hivyo plagi na waya wa friji havijakatika, na themostati haina lawama. Kinachoshindikana ni mota kuanza kuzunguka. Mota iliyokwama hivyo huvuta umeme mwingi, mara tano au zaidi ya ule inaoutumia ikiwa imeshika mwendo, na joto likipanda, kinga yake ambayo mafundi huiita ovalodi hukata. Hiyo ndiyo "tak" yako. Ikipoa, hujirudisha yenyewe na mchezo unaanza upya. Suala la gesi halimo hapa. Friji lililopungukiwa gesi huwaka bila shida, tena kwa wepesi, kwa sababu kompresa haina mzigo mkubwa wa kusukuma; kasoro yake ni kuzunguka muda mrefu bila kupoza.

Maelezo yako ya usiku wa manane ndiyo yenye thamani kuliko yote. Jioni mtaa mzima unapiga pasi, unapika na kuwasha feni, na volti hushuka. Watu wakilala, hupanda tena. Nguvu ya mota ya kuanzia hupungua kwa kasi kuliko volti zenyewe, kwa kuwa hufuata kipeo cha pili cha volti: zikishuka kutoka 230 hadi 180, nguvu hiyo hubaki kama asilimia 61 tu ya ile ya kawaida. Kompresa iliyokuwa ikiwaka bila taabu sasa inaishia kunguruma.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuliondoa friji kwenye ile ekstensheni, ambayo huenda haikutengenezwa kubeba birika na friji kwa pamoja, na kulichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, hata kama itakubidi upange duka upya. Kisha mwombe fundi umeme apime volti kwenye soketi hiyo wakati wa jioni, kwanza friji likiwa limezimwa, halafu katika zile sekunde ambazo linajaribu kuwaka. Kipimo cha pili ndicho ambacho wengi hukisahau. Ikiwa soketi inasoma 220 kabla, kisha inaporomoka hadi 170 friji likijaribu, mara nyingi tatizo liko kwenye waya mwembamba au viungo vilivyolegea kati ya mita na soketi yako. Ikiwa inasoma 180 hata kabla ya kuwasha chochote, umeme unaofika kwako ni hafifu: toa taarifa kwa wanaokuuzia umeme, na wakati unasubiri tumia stabilaiza, kifaa cha kusawazisha volti, yenye uwezo wa kuhimili mvuto mkubwa wa kuanzia. Kifaa kidogo kinachoitwa friji gadi hakipandishi volti. Hukata tu zikiwa mbaya, kisha huchelewesha kurudisha umeme. Ucheleweshaji huo nao una kazi yake, kwani friji likizimwa na kuwashwa papo hapo, shinikizo la gesi ndani ya mabomba halijapata muda wa kusawazika, nayo kompresa hugoma hata kama ni nzima. Subiri dakika tano.

Endapo volti ni nzuri na friji bado linanguruma, fundi aende kwenye rilei, yaani kifaa kidogo kinachosaidia mota kuanza kuzunguka. Friji lichomolewe kwanza, na kama lina kapasita, kifaa kinachotunza umeme, imalizwe umeme wake wote kabla ya kuguswa, kwani hubaki na chaji hata plagi ikiwa mkononi. Pembeni mwa kompresa kuna kifuniko kidogo, na ndani yake rilei imechomekwa kwenye pini. Friji nyingi za sasa zina rilei yenye kisahani cha kauri: ikiwa baridi hupitisha umeme kwenye koili ya kuwashia, ikipata joto huuzuia umeme huo. Atoe rilei hiyo na kuitikisa karibu na sikio. Ikilia kama ina changarawe ndani, au ina harufu ya kuungua, kisahani kimepasuka. Ikiwa kimya bado ipimwe ikiwa imepoa: nyingi husoma makumi machache ya omu au pungufu, na isiyosoma kabisa haifai. Bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya kompresa, na mimi huona ni uzembe kwa fundi kumtangazia mteja msiba wa kompresa kabla hajaigusa.

Baada ya hapo zipimwe pini tatu za kompresa. Usomaji mkubwa kuliko wote unapaswa kuwa jumla ya hiyo mingine miwili, kwa mfano omu 12, 18 na 30. Kati ya pini yoyote na bomba la shaba lililokwanguliwa rangi kusisomeke kitu. Koili zikiwa nzima, volti nzuri na rilei mpya, na bado inanguruma tu, hapo yule fundi wa pili atakuwa na hoja, kwa kuwa kompresa imekwama ndani.

Nirudi kidogo kwa fundi wa kwanza. Kama aliongeza gesi ambayo haikupungua, shinikizo limepanda na amekuongezea tatizo. Soma kibandiko cha friji: kikiandikwa R600a, gesi hiyo hushika moto, na kiasi kinachojazwa kwa kawaida ni makumi ya gramu tu, ambayo hupimwa kwa mizani na si kwa kukisia. Kazi ya kuitoa na kuijaza upya ifanyiwe nje, mbali na jiko na cheche.

Na vumbi la Dodoma usilisahau. Koili ya nyuma ya friji inayotoa joto ikifunikwa na vumbi, na friji likibanwa ukutani chini ya bati katika joto la Oktoba na Novemba, ovalodi hukata mapema zaidi. Lichomoe, lisafishe kwa brashi laini na uliachie nafasi nyuma.

SWALI: Nimeshauriwa kufunga kifaa kimoja chenye rilei, ovalodi na kapasita kwa pamoja. Je, kinafaa kwa friji kuukuu? Msomaji, Kibaigwa.

JIBU: Kinafaa kwa kompresa nzee iliyochoka, mradi kiendane na ukubwa wake, maana kikubwa mno huweza kuunguza koili ya kuwashia. Kwa friji la R600a, bakia na vifaa vilivyotengenezewa gesi hiyo. Tatizo likiwa volti, kifaa hicho huficha ugonjwa kwa muda tu.

SWALI: Friji langu la wati 100 haliwaki kwenye inveta ya sola ya wati 300, ilhali hesabu inatosha. Msomaji, Bahi.

JIBU: Hesabu yako ni ya friji lililokwisha kuwaka, sekunde ile ya kwanza linaweza kudai zaidi ya hizo wati 300. Tafuta inveta kubwa zaidi, yenye mawimbi laini kama ya umeme wa kawaida, na betri na nyaya nene za kuitosha. Ila kama kibandiko kinasema kompresa yenyewe ni ya aina ya inveta, yaani inayobadili kasi yake yenyewe, fundi asitafute rilei wala asishangae pini zote tatu zikisoma sawa, kwa sababu ndivyo zilivyo. Huwashwa na bodi ya kielektroniki, na hiyo bodi ndiyo ya kukaguliwa.