Upepo wa kisiwani: bei ya mtambo mnaijua, bei ya dizeli je?

Maswali ya wiki hii yote ya upepo, twende.

Eti umeme wa upepo kisiwani ni ghali kuliko bara?
Ndio, na hili swali nimeshalijibu mpaka nimechoka. Kisiwa kisicho na kebo ya baharini ya kuleta umeme wa bara hakishindani na bara jamani, kinashindana na jenereta lake la dizeli, na hiyo dizeli inakuja kwa meli. Lita moja inatoa kama uniti tatu na nusu, mashine ikiwa nzuri uniti nne, sasa chukua bei ya lita ikishashushwa bandarini ugawanye, hapo spea na mafundi bado hujagusa. Hiyo ndio bei ambayo upepo unatakiwa kuishinda, na penye upepo wa maana unaishinda.

Tukifunga mitambo mingi ya upepo si tunazima jenereta kabisa?
Hapa ndipo pesa za watu zinapopotea. Jenereta la dizeli halipendi kuendeshwa chini ya kama asilimia 30 ya uwezo wake, linachafuka na kuharibika, kwa hiyo linabaki linanguruma hata upepo ukiwa tele na umeme wa ziada unatupwa. Mtambo wa kwanza unaokoa lita nyingi, wa tano unaweza kushinda siku nzima unazunguka kwa hasara. Kisiwa cha El Hierro kule visiwa vya Kanari, Hispania, wana mitambo mitano, megawati 11.5, tangu 2014, upepo ukizidi wanapandisha maji kwenye bwawa lililo ndani ya kreta ya volkano, ukipungua wanayaachia yashuke yazungushe mashine za umeme. Mwaka 2019 walikaa siku 24 mfululizo bila dizeli, safi sana, lakini ilikula zaidi ya euro milioni 80 kwa kisiwa cha watu kama elfu kumi, na mashine za dizeli bado wanazo. Kisiwa cha Kodiak, Alaska, bwawa la umeme walikuwa nalo tayari, upepo ukaja juu yake, ndio maana hesabu yao ilikaa vizuri. Nyie mna mlima na maji? Anzeni na hilo.

Mbona kisiwa cha Samsø kule Denmark wameweza kutegemea upepo?
Samsø wana kebo mpaka bara la Denmark! Upepo ukizidi wanauza, ukikata wananunua. Cha kuiga pale ni wenyeji kununua hisa za mitambo, ila hicho hakuna anayekiuliza.

Betri je?
Bei imeshuka sana na zinafaa kushikilia dakika na masaa, shwari ya wiki nzima haziwezi.

Nimepima upepo kwa simu nimepata mita 5 kwa sekunde, nijenge?
Kwa simu?! Weka mnara, pima mwaka mzima. Nguvu ya upepo inapanda kwa kipeo cha tatu, mita 7 zina nguvu karibu mara 2.7 ya mita 5, kwa hiyo ukikosea kidogo kwenye kupima umekosea sana kwenye mkopo.

Mtambo mkubwa una faida zaidi, sivyo?
Kwa uniti ndio, kama kreni ya kuunyanyua inafika na barabara inapitisha pangaboi. Ushelisheli walifunga mitambo 8 ya kilowati 750 mwaka 2013, Cape Verde 30 ya kilowati 850 kwenye visiwa vinne. Na hata kama mtambo ni wa msaada msishangilie kabla hamjauliza nani analipia spea, maana chumvi ya bahari haijui msaada, na fundi akitoka ng'ambo kuja kubadilisha beringi moja, tiketi yake iko kwenye bili yenu.