Transista za zamani: pima mvujo kwanza

Ukibahatika kupata transista (vifaa vidogo vinavyokuza mkondo wa umeme) za miaka ya 1950 au 1960, usizitupe, ila pia usizilehemu kabla hujazipima. Nimezitumia muda mrefu katika redio ndogo na amplifaya, na kila anayeanza mimi humwambia hivyohivyo: anza na mvujo, yaani mkondo unaopenya bila kuruhusiwa; ukuzaji, yaani mara ngapi transista inakuza mkondo, utafuata.

Transista ya kwanza ilifanya kazi Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, Desemba 1947, mikononi mwa Bardeen na Brattain. Wapenzi wa elektroniki walianza kuipata kwa wingi mwaka 1953, Raytheon ilipoleta CK722. Ulaya walikuwa na OC71, kijichupa cha kioo kilichopakwa rangi nyeusi. Zote mbili ni za jemaniamu, na jemaniamu huvuja: hata besi, mguu unaoiongoza transista, ikiachwa wazi, mkondo fulani hupita kati ya miguu mingine miwili, kutoka emita hadi kolekta. Joto likipanda kwa nyuzi 10 hivi, mvujo huo hukaribia kuongezeka maradufu.

Hapo ndipo mita nyingi za bei rahisi zinapodanganya. Zinahesabu mvujo kama sehemu ya ukuzaji, kwa hiyo transista mbovu inaonekana hodari kuliko nzima.

Mimi hupima hivi, kwa zile za PNP, aina ambayo emita yake hukaa upande wa chanya, ambazo ndizo nyingi. Emita naiunga kwenye chanya ya betri ya volti 9. Kolekta inakwenda hasi kupitia rizista ya omu 2,200. Besi naiacha hewani, kisha naweka mita kwenye ncha mbili za rizista. Ikisoma volti 0.22, mvujo ni mikroampea 100. Subiri kidogo kabla ya kuandika namba, maana joto la vidole peke yake linatosha kuipandisha, na utaiona ikishuka taratibu ukishaiachia. Ikiwa inazidi kupanda wakati hakuna anayeigusa, hiyo weka kando.

Sasa unga besi na hasi kwa rizista ya megaomu 2.2, ambayo hupitisha kama mikroampea 4. Tuseme mita inasoma volti 1.1, yaani mikroampea 500. Toa 100 za mvujo, zinabaki 400. Gawanya kwa 4, ukuzaji wa kweli ni 100. Usingetoa mvujo ungepata 125, ukapanga saketi yako kwa namba ya uongo.

Kwenye kulehemu, acha miguu iwe mirefu na uibane kwa koleo kati ya pasi na mwili wa transista, ili koleo linywe joto. Gusa, risasi iyeyuke, ondoa. Usikunje mguu karibu na kioo, kitapasuka.

Usichomoe ya jemaniamu ukachomeka ya silikoni hivihivi. Jemaniamu huanza kupitisha kwenye volti 0.2 hivi kati ya besi na emita, silikoni inataka karibu 0.6, kwa hiyo rizista za besi lazima zibadilike. Angalia pia upande wa betri: saketi nyingi za PNP zina chanya kwenye ardhi ya saketi, waya wa pamoja, na kapasita zenye ncha ya chanya na ya hasi hugeuzwa kufuata hilo.

OC71 za mwanzo zina jambo ninalolipenda mno. Kwangua rangi nyeusi, mwanga uingie, na mkondo unaongezeka. Umepata kihisi cha mwanga. Lakini ukiikuta rangi imebanduka kwenye amplifaya inayonguruma chini ya taa, ifunike kwanza kabla ya kulaumu kitu kingine.

AF117, transista nyingine ya zamani ya redio, nayo ina ugonjwa wake. Ndani ya kasha huota nyuzi nyembamba za bati, zikagusanisha miguu na kasha. Mguu wa nne ndio ulioungwa na kasha. Ukate, na mara nyingi redio inaamka. Isipoamka, huenda nyuzi zimeshika miguu miwili kwa pamoja, na hapo nashauri utafute nyingine.