Kabla hujalipia safari ya baiskeli Sisilia

Watu wakisikia nimezunguka magharibi mwa Sisilia, kisiwa cha Italia, kwa baiskeli, huniuliza kwanza kilomita. Mlikuwa mnanyonga ngapi kwa siku? Nawajibu: 50, siku nyingine 60. Kisha nawaambia kwamba lililo muhimu zaidi ni mtashuka wapi, na mkishuka mtapewa muda gani.

Nalisema hili kwa uchungu, maana nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza nilichagua kampuni kwa bei tu. Tulifika Segesta, magofu ya mji wa kale, saa tano asubuhi, Julai, jua limeshawaka, tukapewa dakika 40 kwa hekalu na thieta, yaani ukumbi wa maonyesho, pamoja. Thieta yenyewe iko juu ya mlima Barbaro, zaidi ya kilomita moja kutoka getini. Nikaenda kwenye hekalu, nikapiga picha, nikapanda baiskeli. Usiku ule hotelini nililia, kwa sababu nilikuwa nimejinyima mwaka mzima kwa ajili ya siku ile.

Mara ya pili nilikwenda Mei, na kampuni nyingine, tukiwa watu tisa. Tulikuwa Segesta tangu geti linafunguliwa hadi karibu adhuhuri. Mama aliyekuwa akituongoza alituchutamisha kwenye vidato vya hekalu, akatuonyesha vinundu vilivyotokeza kwenye mawe. Mafundi waliviacha ili wapate pa kushikia wakati wa kunyanyua na kusogeza mawe, na kazi ikiisha huchongwa vikaondoka. Pale havijaondoka. Nguzo zote 36 zimesimama, lakini hazijachongwa mifereji, na paa halikuezekwa kamwe. Ujenzi ulikatika mwishoni mwa karne ya 5 KK. Kumbe jengo ambalo halikumalizika ndilo linalokuonyesha vizuri lilivyokuwa likijengwa, na mimi mwaka uliotangulia nilipita mbele ya vinundu vile vile bila kuviona.

Kwa hiyo uliza hili mapema: je, bei ina mwongoza wageni mwenye leseni ndani ya magofu? Anayewatangulia barabarani anajua njia, pancha na gia, na anastahili shukrani nyingi. Lakini kueleza historia ndani ya maeneo ya kale Italia ni kazi ya wenye leseni, na kampuni za bei ya chini hupenda kuwaachia mlangoni mkiwa na karatasi ya ramani.

Ukipata ratiba, tafuta ndani yake jina Cave di Cusa. Kama halimo, omba liongezwe. Ni machimbo ya mawe karibu na mji wa Campobello di Mazara, kilomita kama 12 kutoka Selinunte, mji wa kale wa Wagiriki ambao mahekalu yake yalijengwa kwa mawe ya hapo. Mwaka 409 KK jeshi la Carthage, dola ya kale ya Afrika Kaskazini, liliuteketeza Selinunte, na wachonga mawe wakaacha kazi vile vile ilivyokuwa. Vipande vya nguzo bado viko pale kati ya mizeituni. Vingine vimekatwa pande zote lakini chini vimeshikana na mwamba, vimezungukwa na upenyo mwembamba ambao ndani yake fundi alisimama na patasi yake. Vingine vimeshatolewa, vimelala njiani kuelekea mjini. Niliingia kwenye upenyo mmoja nikagusa jiwe. Alama za chuma bado zinasikika kwa vidole.

Kutoka pale tulinyonga hadi Selinunte, na kile kipande cha njia ndicho kilichonifanya niipende baiskeli kuliko basi. Ndani ya basi ni dakika chache za kusinzia. Juu ya baiskeli unahisi kila mwinuko mdogo, na unajikuta unafikiria mafahali, magogo na kamba, na wanaume waliosukuma mzigo ule siku baada ya siku. Ukifika na kukuta Hekalu G, moja ya mahekalu ya Selinunte, limelala chini, nguzo zake zimevunjika vipande vipande, unavitambua vile vipande. Umetoka kuwaona ndugu zao wasioondoka nyumbani.

Njiani mle kuna jambo jingine lililonigusa mimi wa Tanga. Wakulima wa Sisilia wana birika la kuhifadhi maji ya kumwagilia, wanaliita gebbia. Ni jabia! Neno la Kiarabu lile lile, lililoachwa na utawala wa Waislamu ulioanza kisiwani mwaka 827. Na Marsala, tulikolala usiku mmoja, jina lake linatokana na marsa, yaani bandari.

Agrigento, mji mwingine wenye mahekalu ya Wagiriki, kila mtu atakupeleka, na inastahili: Hekalu la Concordia limebaki karibu zima kwa sababu liligeuzwa kanisa mwishoni mwa karne ya 6. Nenda jioni.

Kwa upande wa Warumi, siku ya Villa Romana del Casale panda gari bila aibu, maana iko mbali ndani, karibu na Piazza Armerina, na milima ni mingi. Ni jumba la karne ya 4 BK lenye sakafu za vijiwe vya rangi. Ukumbi mmoja, wenye urefu wa zaidi ya mita 60, unaonyesha wanyama wakikamatwa na kupakiwa melini kwa ajili ya michezo ya Roma. Simba, tembo, kifaru, mbuni wamebebwa mikononi kama kuku wa sokoni. Wenzangu walisifu ufundi. Mimi nilisimama muda mrefu mbele ya wale mbuni nisiweze kusifu.

Sasa ya mwili. Usiulize urefu wa njia peke yake, uliza jumla ya mita za kupanda kwa siku. Kilomita 40 zenye mita 900 za kupanda zitakumaliza kuliko 70 za tambarare. Baiskeli ya umeme si haramu, na ukiwa na shaka na magoti yako, ichukue. Vaa bukta yenye sponji tangu siku ya kwanza. Beba viatu vya kawaida, kwa sababu viatu vya kubana kwenye pedali huteleza vibaya juu ya mawe yaliyosuguliwa. Kwa wanaojistiri, hijabu ya michezo inayobana hukaa vizuri chini ya kofia ngumu, mtandio hauwezi. Julai na Agosti ziache.

Mwenye pasi ya Afrika Mashariki atahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ada yake ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima isiyopungua euro 30,000. Hakikisha bima hiyo inataja uendeshaji baiskeli. Unaweza kuomba hadi miezi 6 kabla, na kampuni ikupe barua yenye hoteli ya kila usiku.

Waislamu wenzangu, maganda ya cannoli, vile vitamu vya Sisilia vinavyojazwa jibini laini, kwa kawaida huwekwa mafuta ya nguruwe na mvinyo, na mkate wa brioche wakati mwingine pia una mafuta hayo. Jifunze neno strutto, yaani mafuta ya nguruwe, uliulize kabla ya kuagiza. Panelle, chapati ndogo za unga wa dengu zilizokaangwa, zilinishibisha siku nyingi, na katika mji wa Trapani kuna kuskusi ya samaki ambayo hadi leo najaribu kuipika.