Si lazima upimwe na unayekunywa naye chai

Mimi ni mkunga Pemba, na maneno haya ya kupimwa saratani ya shingo ya kizazi nawaandikia wenzangu wa kazi: wauguzi, wakunga, madaktari wanawake, watu wa maabara, na dada zetu wanaosafisha wodi. Mama wa kawaida akiyasoma hapati hasara, lakini yeye ana watu wengi wa kumuelimisha. Sisi hatuna, kwa sababu kila mtu anadhani tunajua.

Na kweli tunajua. Hakuna mkunga wa kuambiwa kwamba saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, au kwamba inaletwa na virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana, na kwamba aina mbili tu, ya 16 na ya 18, zinabeba kiasi cha asilimia 70 ya saratani hizo. Tunajua kwamba mabadiliko ya awali huchukua miaka 15 hadi 20 kufikia saratani, na miaka 5 hadi 10 kwa mwenye kinga dhaifu. Yote haya tunayasoma kama Alhamdu. Kisha muulize mkunga mwenyewe mara ya mwisho kupimwa ilikuwa lini, uone atakavyokumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa anamsubiri.

Mama mmoja wa makamo kutoka Micheweni aliwahi kunikatiza nikiwa katikati ya maelezo. "Na weye dokta, ushapimwa?" Nilimjibu ndiyo, akapanda kitandani bila neno jengine. Baadaye nikawasimulia wenzangu. Walicheka, halafu wakanyamaza kimya cha kutazamana.

Sababu nimezisikia zote. Kazi nyingi. Sina dalili (na hili linasemwa na watu wanaoshinda kutwa wakiwaambia kina mama kwamba hatua za mwanzo hazina dalili). Nitapimwa nikimaliza kunyonyesha. Lakini ukikaa na mtu faraghani ukamuacha aseme, mwisho anafika palepale: kisiwa kidogo hiki. Atakayenipima ndiye ninayekunywa naye chai ya saa nne. Ni shoga yangu, au wifi yangu, au yule mwanafunzi niliyemfundisha mimi kushika spekulamu, kile kifaa cha kufungulia uke. Akishaniangalia tunarudi wodini pamoja na usiku tuko zamu moja. Na majibu yakiwa mabaya, jina langu limo kwenye daftari ambalo kila mmoja wetu analifungua.

Sioni ubaya wa haya, kwetu ni adabu. Kwa hivyo ushauri wangu ni kuizunguka, si kupigana nayo.

Pimwa pengine. Mimi nikivuka kwenda Unguja kwa mama napita kliniki ambayo hakuna anijuaye. Mtu wa Wete aende Mkoani, wa Mkoani aende Chake, na aliyepata safari ya Dar es Salaam asirudi hivi hivi. Ukifika, usitaje kazi yako. Wakishajua kwamba u mkunga watakurukisha maelezo, "aa, wewe si unajua", na utatoka hujauliza hata swali moja. Jiandikishe kama mtu yeyote, kaa kwenye benchi, subiri uitwe. Kama kusafiri hakuwezekani, tafuta mwenzako mmoja wa kituo chengine mnayeaminiana, mpimane. Siri ya mmoja inakuwa siri ya wawili, na hapo ulimi unakuwa mzito kwa pande zote.

Kuna pia kipimo cha HPV ambacho mwanamke anajichukulia sampuli mwenyewe, na Shirika la Afya Duniani linakikubali. Ukikikuta popote, kipokee. Ukionekana una virusi bado utahitaji kuangaliwa, lakini walio wengi hawafiki huko.

Kwa kipimo cha siki, ile inayopakwa kwenye shingo ya kizazi ili penye mabadiliko pageuke peupe, kuanzia miaka 30, hesabu yetu ni kila baada ya miaka mitatu, na kila mwaka kwa anayeishi na VVU. Mimi nimekifunga na Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Mwezi wa Ramadhani mtu ataanza kuuliza kama kipimo kinaharibu saumu, na mjadala huo hauishi. Baada ya sikukuu hakuna wa kuuliza. Hakikisha tu hauko kwenye siku zako. Na usingoje mpaka watoto wakue. Hedhi ikishakatika, lile eneo tunalolitafuta, ambapo saratani huanzia, mara nyingi huwa limejificha ndani ya mfereji wa shingo ya kizazi, na siki haituonyeshi vizuri.

Wajane na walioachika wananitia wasiwasi kuliko wengine, na kwenye hospitali zetu wamo wengi. "Mimi sina mume, nipimwe nini?" Virusi ulivyovipata miaka kumi iliyopita haviondoki kwa talaka. Kwa upande mwengine, wapo wanaoogopa majibu kwa sababu ya mume waliye naye. Wanahisi wakikutwa na kitu watakuwa wametuhumiwa, au wamemtuhumu yeye, na penye uke wenza moto unawaka mara mbili. Majibu hayasemi nani kaleta wala lini. Virusi hivi vinaweza kukaa kimya miaka na miaka, hata tangu kabla ya ndoa hiyo.

Hata hivyo jambo moja la mume lisemwe wazi, maana wahudumu wenyewe hulisahau likiwahusu. Siki ikigeuza sehemu kuwa nyeupe, hiyo kwa kawaida bado si saratani. Mara nyingi unatibiwa siku hiyo hiyo, kwa kugandishwa kwa baridi au kuchomwa kwa joto, na unarudi nyumbani kwa miguu yako. Lakini utatokwa na majimaji kwa muda, na wiki nne hamtakutana. Wiki nne huwezi kumficha mume. Zungumza naye kabla ya kwenda, wakati bado hakuna majibu ya kuogopwa. Kumwambia "nakwenda kupimwa, na huenda nikaambiwa tupumzike mwezi" ni rahisi kuliko kuyaeleza hayo usiku, kitandani, baada ya kutibiwa.

Mnaopanga zamu, nanyi nina neno. Ile siku ya kupima wafanyakazi, yenye fulana na picha, ambapo sote tunapangwa foleni nje ya mlango wetu wenyewe, ipumzisheni. Wanaojitokeza ni wale wale wasio na haya. Mpe kila mwanamke siku yake moja ya ruhusa, aende kituo anachokitaka, na akirudi asidaiwe majibu. Lengo la dunia ni kwamba ifikapo mwaka 2030 wanawake 70 katika kila 100 wawe wamepimwa wakifika miaka 35, na tena wakifika 45. Tunawahesabu shehia kwa shehia, na sisi pia tumo katika shehia hizo. Siku moja ya ruhusa kwa miaka mitatu haitaangusha wodi.