Shangazi, nilimwachia kitabu kitandani naye kanirudishia

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 31. Mwaka mzima sasa nasoma riwaya za kihistoria za wanawake wapendanao: magauni marefu, mishumaa, barua zinazofichwa chini ya godoro. Kila nikisoma namwona rafiki yangu ninayepanga naye nyumba moja. Sijawahi kumwambia. Juzi nilimwachia kitabu kitandani kwake, nikaweka kipande cha karatasi kwenye ukurasa ule mwenye nyumba wa riwaya anapomfungua mpangaji wake vifungo vya mgongoni. Baada ya siku tatu akanirudishia, akasema: "Kizuri, ila huyo mjakazi ananikera. Anaona kila kitu, hasemi lolote." Ameelewa au hakuelewa? Na mimi ndivyo nilivyo, au ni vitabu vimeniingia kichwani? Halafu mbona mwisho wa wanawake wa vitabuni ni kaburi au hospitali ya vichaa? Naogopa. – Msomaji wa Usiku*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hilo la vitabu kukuingia kichwani, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Mimi nasoma riwaya za mauaji tangu nikiwa shule, na hadi leo nikiona damu naita watu. Wewe umeandika kwamba ukisoma unamwona *yeye*. Kama asingekuwamo moyoni mwako tangu mwanzo, ungemwona huyo mpangaji wa kwenye kitabu, basi.

Ila jihadhari na jambo moja. Riwaya nyingi za aina hiyo zimeandikwa juzijuzi tu, na watu wanaoishi kama sisi. Kumbukumbu za zamani kuhusu wanawake hawa ni chache na zina mapengo, kwa hiyo mwandishi anayaziba kwa mawazo ya leo. Yule mama ndani ya gauni la karne ya 19 anafikiri kwa kichwa cha mwanamke wa sasa, ndiyo maana anakukaa kama nguo uliyoshonewa. Mfurahie. Lakini usianze kuyaona maisha yako hayana ladha kwa kuwa hakuna anayekuandikia barua kwa wino na kalamu ya unyoya.

Sasa huo mwisho wa kaburi. Katika Marekani ya miaka ya 1950, vitabu vya bei rahisi vya mapenzi ya wanawake viliuzwa kwa wingi sana, na wachapishaji walikuwa wakiwadai waandishi wamalizie kwa msiba: mmoja arukwe na akili, au afe, au aolewe ghafla. Waliogopa kwamba kitabu chenye mwisho wa furaha kingehesabiwa uchafu na kuzuiwa posta. Mwanangu, unalilia hofu ya mfanyabiashara! Desturi hiyo imeendelea kuwanata waandishi, hata wasiokuwa na posta ya kuiogopa.

Wanawake wenyewe, wale wa kweli, wapo waliomaliza vizuri kuliko wa kwenye riwaya. Eleanor Butler na Sarah Ponsonby walitoroka kwao Ireland mwaka 1778. Mara ya kwanza walivaa nguo za kiume, wakakamatwa na ndugu zao. Hawakukoma. Wakaja kutulia Llangollen, Wales, wakaishi nyumba moja hadi Butler alipofariki mwaka 1829 akiwa na umri wa miaka 90. Kama walikuwa wapenzi kwa maana yako au marafiki wa kufa na kuzikana, watu wanabishana mpaka leo. Mimi sibishani. Ni takriban miaka 50 chini ya paa moja, wala hakuna aliyepelekwa hospitali ya vichaa.

Na hiyo mbinu yako ya kitabu ni ya zamani. Anne Lister wa Shibden Hall, karibu na Halifax, Uingereza, aliacha shajara ya maneno kama milioni 5, na karibu sehemu moja ya sita aliiandika kwa maandishi ya siri. Mwaka 1823 alitaka kujua kama Miss Pickford, mwanamke msomi aliyekuwa akitembea naye, anayaelewa mambo haya. Akamuuliza kama amesoma shairi la sita la kejeli la Juvenal, Mrumi mmoja aliyewasema wanawake vibaya na kwa uwazi mno. Kumbe alikuwa amelisoma. Maongezi yakafunguka, Pickford akakiri habari za rafiki yake. Lister, mjanja yule, akakana za kwake. Hapo usimwige.

Lakini ona tofauti yenu. Yeye aliuliza kwa mdomo, akimtazama mtu machoni. Wewe ulitega karatasi ukakaa chumbani kusikiliza kurasa zikifunuliwa.

Kuhusu kuelewa, sitakudanganya kwamba najua. Huenda aliona riwaya tu. Hata hivyo umeniandikia maneno yake kisha ukayapita kama si kitu. Katika kitabu kizima, chenye vifungo na mishumaa yote hiyo, kilichomkera ni mtu anayeona kila kitu na hasemi. Mimi ningekaa na sentensi hiyo kidogo.

Kabla ya lolote, pima mahali ulipo. Kama sheria ya huko au ndugu wa upande wowote wanaweza kukuumiza, usiandike chochote kwenye simu, na uwe na pa kulala nje ya nyumba hiyo siku mbili tatu endapo mambo yataharibika. Kumpoteza rafiki unayelipa naye kodi ni hasara mbili kwa mpigo.

Ukiona pako salama, ngoja jioni mkiwa wawili, hakuna anayekimbilia popote. Usianze na mapenzi. Kichukue kile kitabu, umuulize: huyo mjakazi, ulitaka aseme nini?