Hakuna wino ndani ya kioo cha LCD

SWALI: Shikamoo fundi. Simu yangu ilianguka. Kioo cha juu kiko salama, ila pembeni pametokea doa jeusi na linazidi kutanuka. Kuna jamaa mtaani anasema wino umemwagika, ataurudisha kwa umeme wa chaja kwa Sh 15,000. Nimpe?

JIBU: Marahaba. Usimpe hata mia.

Hadithi ya huo wino naletewa karibu kila siku, na sijakutana bado na mtu aliyeuona wino wenyewe. Ndani ya LCD (aina ya skrini ya simu na kompyuta) mna fuwele za kimiminika, kitu cheupe chenye ukungu kama maziwa, kilichobanwa kati ya vioo viwili vilivyoachana kwa maikromita (sehemu ya elfu ya milimita) 3 hadi 5 hivi. Chembe za rangi zipo, lakini zimegandishwa kwenye vichujio vyekundu, vya kijani na vya bluu. Haziendi popote. Kazi ya fuwele ni kugeuza mwelekeo wa mawimbi ya mwanga: molekuli zake ni ndefu, na volti chache tu zinatosha kuzigeuza, kisha karatasi za polaraiza (hupitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu) zilizobandikwa mbele na nyuma ndizo zinazoamua mwanga upite au uzuiwe. Kama huamini, tafuta skrini ya kompyuta ya kutupwa ambayo bado inawaka, ubandue karatasi ya mbele. Picha yote inapotea, unabaki na weupe mtupu. Vaa miwani ya jua ya polaroidi, picha hiyo hapo.

Sasa chaja. Molekuli hizi hazijali chanya wala hasi. Geuza waya, zitajipanga vilevile. Tena saketi ya simu yenyewe hubadilisha chanya na hasi kila picha inapochorwa upya, mara 60 kwa sekunde kwenye skrini nyingi, maana umeme wa upande mmoja ukikaa huvuta ayoni (chembe zenye chaji) zilizochafua fuwele hadi kwenye kuta za kioo, skrini ikabaki na kivuli. Chaja hutoa umeme wa upande mmoja. Kwa hiyo jamaa anakuuzia kilekile ambacho waliobuni skrini walihangaika kukikwepa, na huenda akaunguza na IC, yaani chipu ya simu.

Chembe za rangi zinazovutwa na umeme zipo kwenye visomeo vya vitabu kama Kindle: nyeupe na nyeusi, zenye chaji tofauti, zinapanda na kushuka ndani ya vidonge vidogo mno vya kimiminika. Labda kuna aliyesikia hayo akayahamishia kwenye simu.

Doa lako maana yake kioo cha ndani kimepata ufa. Fuwele zimevuja au hewa imeingia. Kama simu ni ya AMOLED (skrini ambayo vidoti vyake hutoa mwanga vyenyewe) ndiyo kabisa, humo hamna kimiminika chochote. Unyevu na oksijeni vinaua tabaka linalotoa mwanga, na halifufuki. Badilisha skrini, na hamisha picha na namba zako leo, wakati bado unaona pa kubonyeza.

Wengine wanatumia draya, hata pasi. Joto likizidi, fuwele hupoteza mpangilio na doa hubadilika umbo. Mteja anaambiwa "unaona, linaondoka," analipa, kioo kikipoa anakuwa ameshafika nyumbani. Muda wote huo betri ya lithiamu imekaa nyuma ya kioo hichohicho, inapashwa. Anayetaka kuipasha simu yako moto akuonyeshe kwanza betri aliyoitoa. Akisema haina haja, chukua simu yako uondoke.